Kinanda cha Mtaliano, na barua nyingine tatu

Barua za safari hii karibu zote ni za vinanda vya umeme vya zamani, vile vya miaka ya 1960 na 1970 tulivyozoea kuviona vimefunikwa leso kwenye pembe ya sebule.

*Shikamoo fundi. Mtaliano mmoja alipohama aliuza vyombo vya nyumba, nami nikapata Farfisa yenye swichi za fidla na tarumbeta. Ndugu yangu ashikilia kuwa ni sinthesaiza, mimi nasema ni ogani tu. Nani mkweli? (Malindi)*

Marahaba. Farfisa kupatikana Malindi si ajabu: ni kampuni ya Kitaliano iliyotokana na waundaji wa akodiani, na hata jina lake limetoka kwenye neno lao la akodiani, fisarmonica.

Ugomvi wenu una sababu. Sinthesaiza ni kinanda cha umeme kinachounda sauti na kuibadili umbo; ya zamani kama Minimoog ya 1970 ilitoa noti moja tu kwa wakati. Bonyeza vitufe vitatu, kitalia kimoja. Ogani hulia vyote. Katika ogani nyingi za enzi hiyo mna osileta 12 (sakiti zinazozaa mtetemo wa sauti), moja kwa kila noti ya oktava ya juu kabisa, kisha sakiti nyingine hugawa mtetemo huo kwa mbili, na tena kwa mbili, kila mara oktava moja chini, hadi besi. Ndiyo maana waliotaka sinthesaiza ya sauti nyingi walipitia kwa waunda ogani. Mfaransa Jean-Michel Jarre alirekodi albamu yake ya 1976, Oxygène, akitumia Eminent 310, ogani ya Kiholanzi ya kuweka nyumbani. Stevie Wonder naye alikuwa na Yamaha GX-1, yenye sura ya ogani na matumbo ya sinthesaiza, uzito wake karibu kilo 300. (Nawaza vijana wa gati ya Mokowe wakiambiwa waishushe kwenye boti.)

Sasa ijaribu yako. Washa swichi ya tarumbeta, shikilia kitufe kimoja. Sauti ikianza butu kisha ikafunguka, “waaa”, basi mna filta (sakiti ya kuchuja sauti) inayotembea, na ndugu yako ana hoja. Bila kuachia, ongeza kitufe cha pili. Kikiingia bila “waaa” yake mwenyewe, vitufe vyote vinagawana filta moja. Hiyo mimi naiita ogani iliyovaa kanzu ya sinthesaiza. Usiiuze.

*Fundi, fa moja katikati haisikiki, na fa zote zilizo chini yake pia. Za juu ziko sawa. Vitufe vimekufa? (Langoni, Lamu)*

Vitufe ni vizima. Sauti hushuka kutoka juu kama maji kwenye ngazi. Kigawanyi kimoja kikifa, oktava zote za chini yake hukauka. Mpe fundi wa redio sakiti ya fa, mwambie aanzie kwenye transista za daraja hilo. Kama fa zote zingenyamaza, ningeshuku osileta yenyewe.

Kitufe kimoja kikinyamaza peke yake, au kikikwaruza, hapo ndipo chumvi yetu ya pwani. Mwaka jana nilifungua kimoja kilichokaa miaka mbele ya dirisha la baharini. Vile vijiwaya vya kugusana chini ya vitufe vilikuwa na ukungu wa kijani, na kwenye pembe nyigu alishajenga nyumba ya udongo. Tulisafisha kitufe kimoja kimoja kwa spiriti na pamba ya masikio, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Msipake mafuta ya kula, wala ya cherehani. Vumbi hunata, na mwezi ujao ni kazi ile ile.

*Nimeletewa Yamaha kutoka Japani. Nichomeke tu? (Malindi)*

La! Kwao stima ni volti 100, kwetu 240. Nunua transfoma kwanza. Na anayefikiria Hammond kutoka Marekani, ile ogani ya zamani inayotoa sauti kwa magurudumu yanayozungushwa na mota, ajue kuwa transfoma haitoshi: mota yake hufuata mapigo ya stima ya kwao, 60 kwa sekunde (60Hz), yetu ni 50Hz, basi itazunguka polepole na ukibonyeza do utasikia la ya chini yake.

*Maalim, sisi hupiga taarabu. Ogani yetu ya zamani haina robo (noti za kati ya kitufe na kitufe), na nyimbo za rasti, ile ngazi ya noti ya Kiarabu, zinatoka kama za shule. Kuna dawa? (Lamu)*

Swali hili nimelipenda. Kinanda kipya huweza kuwa na kitufe cha kushusha noti, lakini cha zamani kina siri nzuri zaidi. Kwa kuwa osileta moja huzaa mi zote, ukizungusha skurubu yake moja unashusha mi zote za kinanda pamoja. Shusha mi kwa robo, shusha si kwa robo, piga kuanzia do: rasti hiyo hapo. Msikilize mpiga udi wako na mshushe hadi atikise kichwa. Sikio lake ni bora kuliko mashine.

Hasara yake ni kwamba mkitaka wimbo wenye mi ya kawaida mtaomba wageni wangoje. Na ogani za baadaye, zenye chipu moja inayotoa noti zote 12, hazina skurubu hizo.

Tumia bisibisi ya plastiki, kwani ya chuma huvunja kile kijiti cha ndani ya koili, na kukipata kingine ni kazi. Kabla ya kugusa chochote, tia nukta ya rangi ya kucha kwenye skurubu na pembeni yake, mjue pa kurudi.