Mpiga kambi ambaye hatukumwona

Mhariri, juma hili mmeuliza kama filamu zinazowaonyesha wanaharakati wa mazingira wakilipua mitambo zinawachochea vijana, mkatoa mfano wa Night Moves ya mwongozaji Kelly Reichardt (2013). Nimeitazama zaidi ya mara moja, na kinachonikera hakimo kwenye swali lenu. Mimi nauliza: aliyekufa mle ndani ametendewa haki?

Kwa asiyeiona: wanaharakati watatu, Josh, Dena na Harmon, kule jimbo la Oregon, Marekani, wananunua mashua, wanaipakia mbolea ya naitreti na kulipua bwawa la umeme usiku. Mtu aliyepiga kambi chini mtoni anachukuliwa na maji.

Uchochezi siuoni. Mlipuko wenyewe hatuonyeshwi, tunausikia tu kwa mbali. Baada ya hapo ni hofu na kushukiana, hadi Josh anamuua Dena. Nani atayatamani maisha hayo?

Lakini kuna lile duka la mbolea. Dena anaingia peke yake kutafuta ratili 500, karibu kilo 227. Muuzaji anataka kadi ya hifadhi ya jamii, ili ajue anamuuzia nani. Dena hana la kumpa, ila haondoki. Hapandishi sauti, anaeleza, anabembeleza, anasimama palepale kama mkulima yeyote mwenye shida ya mbolea. Hakuna bunduki wala mbio za magari, ni kaunta na watu wawili tu, na bado nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kiti. Mdogo wangu, niliyekuwa naye, akashindwa kuvumilia, akaiambia skrini: "Mpe tu, mzee!" Nami moyoni nilikuwa nasema hivyo hivyo. Sasa fikirini: yule muuzaji ndiye aliyekuwa akifanya jambo la haki. Bomu la Oklahoma City, Marekani, la 1995, lililoua watu 168, lilitengenezwa kwa mbolea ya aina hiyo. Anapouliza kadi anawalinda watu asiowajua, na sisi tunamwona kikwazo. Mpiga kambi naye hatukuwahi kumwona akiwa hai hata kwa dakika moja, kwa hiyo hapakuwa na wa kumtetea.

Nikifika hapa, ile "siuoni" yangu inalegea. Filamu haimwambii mtu akalipue, ila inamfanya atake mpango ufanikiwe, na hilo si dogo.

Hasira ya Josh dhidi ya mabwawa naielewa vizuri. Kwenye mto Klamath, unaotoka Oregon kuingia California, samaki aina ya samoni kwa makumi ya maelfu walikufa mwaka 2002. Wayurok, Wakaruk na wenzao, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walipigania mto wao kwa vikao, maandamano na kesi, na mabwawa manne yakaja kubomolewa kwa kibali. Kazi hiyo ilikamilika 2024. Ni ushindi mkubwa, lakini zaidi ya miaka 20 ni mingi kwa kijana anayeangalia samaki wakioza.

Kwa hiyo jibu langu: ndiyo, inachochea kidogo, na bado ionyeshwe, hata shuleni kwa wakubwa, mradi mwalimu aisimamishe pale dukani na kuwauliza wanafunzi walikuwa upande wa nani. Labda Reichardt alimficha mpiga kambi kwa makusudi, kwa kuwa hata Josh hakumjua. Hoja hiyo naikubali, ila ningempa yule mtu angalau onyesho moja, akiwasha moto wake kando ya mto.