Kopo la bibi yako na Profesa Mundell

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Unasema msimamizi wako hapo Nairobi anataka uamue kabla mwezi haujaisha: tasnifu yako itasema yule mchumi Robert Mundell alikuwa sahihi kuhusu nchi kadhaa kutumia sarafu moja, au alikosea? Na wewe umeona uniulize mimi, mwalimu mstaafu ninayeshinda soko la samaki la Mwaloni, hapa Mwanza, nikibishana na wauza dagaa.

Nitakujibu. Ila kwanza lile kopo la maziwa ya unga la bibi yako, ambalo ninyi mlilikuta lina chumvi.

Mwaka 1986 lilikuwa na noti za Uganda. Bibi alikuwa anapeleka magunia ya dagaa Bukoba kwa MV Victoria, wanunuzi wa kutoka Masaka wanamlipa kwa pesa zao, naye anazibadilisha kidogo kidogo, kimyakimya, kama kila mtu wakati ule. Desemba nikaja likizo kutoka chuo kikuu, Mlimani. Shilingi yetu ilikuwa imeshushwa thamani: dola iliyokuwa kama shilingi 17 mwanzoni mwa mwaka ilikuwa imepita 50. Nikamwambia, "Mama, yetu inaanguka, usibadilishe tena. Shikilia za Uganda." Akauliza, "Nani kakwambia za kwao zimesimama?" Badala ya kumjibu nikachukua kijiti nikamchorea pembetatu ya Mundell pale uani, kuku wakipita juu yake.

Pembetatu yenyewe unaijua. Nchi inataka vitu vitatu: kiwango cha kubadilisha fedha kisichoyumba, mitaji iingie na kutoka bila kizuizi, na benki kuu yake ijipangie riba yenyewe. Itapata viwili tu. Nikamfananishia bibi na mtu mwenye mikono miwili na ndoo tatu. Akasema ya tatu si unaweka kichwani? Nilicheka. Nilidhani hajaelewa.

Mei 1987 Uganda ikatoa noti mpya, 100 za zamani kwa moja, na juu yake ikakata asilimia 30. Laki mbili za bibi zikawa 1,400, na hizo alizipata kwa sababu mteja mmoja wa Masaka alikuwa mtu wa haki. Sifuri mbili zenyewe si hasara, najua, usinisahihishe; hata bei zilikatwa sifuri. Hasara ni ile 30, na mfumuko wa bei uliokwisha kuzila kabla. Lakini nenda kamweleze hayo mama aliyerudi na safari ya siku tatu. Hakunisema hata neno moja. Angenigombeza ningepona.

Tangu hapo ndipo nilipoanza ule wimbo wangu mliouchoka: kwanza uliza nani anabeba hasara.

Na ukimsoma Mundell vizuri, yule wa mwaka 1961, ndicho anachouliza. Alikuwa kijana hata miaka 30 hajafika, Mkanada. Akasema: chukua Marekani na Kanada, mashariki wanatengeneza magari, magharibi wanapasua mbao. Watu wakiacha magari wakataka mbao, mashariki kazi zinakosekana, magharibi bei zinapanda, katika nchi zote mbili. Dola ya Kanada na ya Marekani zitasaidia nini hapo, wakati mpaka wa pesa haufuati mpaka wa shida? Sarafu moja inafaa pale watu na mitaji wanapoweza kuhama kuifuata kazi.

Sasa simama Capri Point utazame maji. Mwanza inafanana na Kisumu au na Mtwara? Sangara akipungua, analia nani? Nilipokuwa mtoto meli zilikuwa zinakwenda Kisumu na Port Bell, na wazee wetu walikuwa wametumia shilingi moja yenye simba, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, hadi mwaka 1966 kila nchi ilipoanza benki kuu yake. Kwa hesabu ya Mundell ziwa hili ndilo lilistahili sarafu, si nchi. Lakini ngoja. Watu wetu wanaweza kuhama kweli? Wewe mwenyewe kibali cha Nairobi kilikutesa. Na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulifungwa usiku mmoja.

Halafu yeye mwenyewe aligeuka, au wanasema aligeuka. Baadaye akaitetea sarafu moja ya Ulaya kwa nguvu zote, akisema sarafu ya pamoja inawagawia wengi pigo la mmoja. Wagiriki, waliozama kwenye madeni wakiwa ndani ya sarafu hiyo, waulizwe kama waligawiwa. Hapana, hapo ninamwonea. Madeni ya Wagiriki hakuyakopa yeye. Ila swali langu liko palepale.

Tuzo ya Nobel alitangaziwa tarehe 13 Oktoba 1999. Nilikuwa nimepanga kuwaeleza kidato cha sita kesho yake. Kesho yake Mwalimu Nyerere akafariki, darasa zima likalia, na Mundell nikamsahau hadi Januari.

Hukumu unayoitaka ninayo mdomoni, naimeza. Itifaki ya sarafu moja ya Afrika Mashariki ilisainiwa Kampala Novemba 2013, sarafu iwe tayari 2024. Mwaka huo umepita na shilingi zetu bado ni tatu, yetu, ya Kenya na ya Uganda. Ningesema afadhali zibaki hivyo. Na siku nyingine, nikimwona kijana hapa Mwaloni anahesabu za Kenya kwa vidole huku anapunjwa, ningesema kinyume. Amua wewe, lakini sura ya kwanza usiiandike bila huyo kijana.

Kopo liko juu ya kabati langu, noti mbili bado zimo. Mama yako anauliza ukija akukaangie sato au akukaushie wa kubeba.

Baba yako