Mataji pekee hayatoshi kuwalinganisha magwiji wa boulingi

Umeuliza nani mkubwa zaidi kati ya Earl Anthony, Walter Ray Williams Jr. na Jason Belmonte katika boulingi ya kulipwa, mchezo wa kuviringisha tufe zito kwenye njia ili kuangusha pini, na wengi wamekujibu kwa kuhesabu mataji. Kwa hesabu hiyo Williams anaongoza kwa mataji 47 dhidi ya 43 ya Anthony, ilhali kwa mataji makubwa, yaani ya mashindano yenye hadhi ya juu zaidi, Belmonte ana 15 na Anthony aliishia 10.

Hata hivyo, vifaa havikuwa vilevile. Anthony, mchezaji wa kwanza kuvuna zaidi ya dola 100,000 katika msimu mmoja, mwaka 1975, alirusha matufe ya plastiki kwenye njia za mbao, na matufe hayo hayakuikamata sakafu kama yale ya rezini yaliyoenea tangu miaka ya 1990. Kazi ya kulipinda tufe ilikuwa ya mkono wake. Belmonte hurusha kwa mikono miwili bila kuingiza kidole gumba, tufe likakaribia kabisa mfereji wa pembeni, kisha likakata kona kuifuata pini ya mbele. Wapinzani wake nao wana matufe ya rezini, kwa hiyo sifa ya mafanikio yake ni yake kwa haki.

Mimi humpima kila mmoja dhidi ya wenzake wa zama zake, na hapo namchagua Anthony. Alikuwa mchezaji bora wa mwaka mara 6, pungufu moja tu ya wenzake hao wawili, na mara 3 kati ya hizo, kuanzia 1981, alikuwa ameshavuka umri wa miaka 40.