Kuhusu ukuu wa idara

Mwanangu,

Unauliza kama ukikubali ukuu wa idara utafiti wako utakufa. Mimi nakujibu la jirani yake: kazi unaiacha ikiwa imeiva au mbichi?

Mtazame John Hennessy, mhandisi wa kompyuta wa Marekani. Aliajiriwa Chuo Kikuu cha Stanford 1977, na 1981 akaanza na wanafunzi wake mradi wa MIPS, wa kuunda prosesa nyepesi, yaani chipu inayotekeleza amri za kompyuta. Swali lao lilikuwa kama lako ulipofungua redio ya babu, skrubu tatu zikabaki nje na redio ikaongea: nini kinaweza kutolewa? Walipima programu halisi wakaona amri nyingi ngumu zilizojazwa kwenye prosesa hazitumiki sana. Pima kwanza, nakwambia tangu uko kidato cha pili.

Hapa ndipo ninapopapenda. Prosesa hushughulikia amri kwa msururu. Ya kwanza haijamalizika, ya pili imeshaanza. Amri ikisema ilete namba kutoka kwenye kumbukumbu, inayofuata inaitaka kabla haijafika. Wengine waliweka saketi ya kuisubirisha. MIPS wakaing'oa, mzigo wakamtwisha kompaila, ile programu inayogeuza maandishi ya mtunga programu kuwa amri za mashine: apachike katikati amri isiyoihitaji namba ile, akikosa aweke amri tupu. Akisahau, mashine hailalamiki. Inachukua thamani ya zamani iliyomo kwenye rejista, kijisanduku cha namba ndani ya prosesa, na kuendelea, jibu linatoka limependeza na si kweli. Hitilafu ya hivyo ndiyo inayokesha na mtu.

Na matoleo ya baadaye ya MIPS yakairudisha saketi ile! Basi walikosea? Hapana. Haya, kidogo. Transista, zile swichi ndogo zinazounda chipu, zilipokuwa chache kila nafasi kwenye chipu iligombewa. Zilipokuwa tele, ubahili ule haukuwa na maana tena. Walipima upya, basi.

1984 Hennessy alichukua likizo ya utafiti, akashiriki kuanzisha kampuni ya chipu hizo, kisha akarudi darasani. Ukuu wa idara ulimjia 1994, miaka 17 baada ya kuajiriwa. Kitivo cha uhandisi 1996, urais wa chuo 2000 hadi 2016. Tuzo ya Turing ya 2017, iliyo kubwa kuliko zote katika kompyuta, alipewa pamoja na David Patterson wa Berkeley kwa kazi iliyoanza miaka ya 80. Mama yako anasema hapo ndipo penye jibu: alipokalia kiti, hakutoa MIPS nyingine. Nami namwambia kitabu chake na Patterson cha 1990, cha usanifu wa kompyuta, kiliendelea kutolewa matoleo mapya akiwa rais. Lakini kitabu si chipu, na mama yako anajua kuwa najua.

Wewe una miaka minne kazini. Ningekuwa mimi... aa, sisemi, usije ukanilaumu uzeeni. Ila nijibu hili kabla hujawajibu wao: ile programu yako ya kutambua ugonjwa wa mihogo kwa picha, umeipima kwenye majani mangapi ya shambani, yenye vumbi na kivuli, mbali na yale ya maabara?

Baba yako