Mamako achukue hiyo kadi, ila wacha niwaambie nilichokuwa nacho kwenye saiba yangu

Dada uliyeanzisha uzi, unasema mamako kapoteza kitambulisho, kaenda kuomba kingine kaambiwa siku hizi ni Maisha Card, kile kitambulisho kipya cha Kenya chenye chipu, na kwa grupu la familia wajomba wamegawanyika, kuna wanaosema asiiguse atafuatwa mpaka chooni na kuna mmoja, huyu ndo kanifanya niandike, anasema "kama huna la kuficha unaogopa nini". Nimesoma majibu yote mpaka chini, watu wanarushiana 666, ile namba ya mnyama wa Ufunuo, na Ulaya wanafanyaje. Mie nitajibu kama mtu aliyekuwa na saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti, Kisauni hapa Mombasa kuanzia 2014 mpaka 2022, manake data za watu nimezishika kwa mikono hii na sijivunii.

Jibu fupi: achukue. Kipande (ndo tunavyoita kitambulisho) cha zamani hakichapishwi tena, ukipoteza ni hiyo tu, aandae shilingi 1000 (enzi zile ilikuwa mia, wacha tu). Akikataa ataishi vipi? Laini ya simu ikiharibika hapati nyingine, M-Pesa ikifungwa haifunguliki, hospitali wanauliza kipande, hata kuingia jumba la ofisi mjini kumuona wakili soja anakuuliza kipande. Kwa hiyo huo mjadala wa achukue asichukue ni wa watu ambao vipande vyao viko mfukoni.

Sasa hii ya "huna la kuficha".

Saiba ya mtaani iko hivi. Anakuja mzee na kabambe yake, simu ya vitufe, anataka PIN ya KRA, wale wa kodi, ama cheti cha tabia njema cha polisi, mtoto wake kapata kazi ya ulinzi Doha sijui wapi. Imeili hana, hata hajui ni nini. Namfungulia mimi. Paswadi naweka mimi, na kusema kweli nilikuwa nawawekea karibu wote ile ile moja, manake kesho atarudi kasahau na mie sina muda wa kuanza upya na foleni imefika mlangoni. Halafu naandika kwenye daftari: jina, namba ya kipande, tarehe ya kuzaliwa, jina la mamake, imeili, paswadi. Daftari liko juu ya kaunta kando ya printa, limechakaa, lina madoa ya chai. Kipande chenyewe naskani mbele na nyuma, faili inakaa deskitopu. Siku moja nilijaribu kusafisha mashine moja nikakuta folda ina picha elfu tatu na kitu za vipande vya watu, nyuso za watu ninaowaamkia kila asubuhi, na hiyo mashine ndo vijana walikuwa wanalipa shilingi moja kwa dakika kucheza gemu. Haikuwa na paswadi. Mtu na flashi yake angebeba nusu ya Kisauni akaondoka na mie ningemwambia karibu tena.

Na mie si mwizi. Hakuna aliyeniibia wala sikuuza kitu. Nilikuwa tu nimekaa pale, hakuna mtu aliyewahi kuja kuniambia kijana futa hizi picha, na hao wateja hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kuficha. Mama wa samaki ataficha nini?

Huyo mama wa samaki nimemtaja kwa sababu. Alikuwa mteja wangu, nilimfanyia mambo yake yote. Siku moja kaja na simu, mkono unamtetemeka, kaletewa meseji kwamba ana mkopo wa shilingi 4,800 kwa kampuni fulani ya mikopo ya simu na asipolipa watapigia watu wake. Kweli wakapiga. Wakampigia mpaka mkwewe! Mama hajawahi kukopa hata unga. Tukapiga *106#, ile ya Safaricom ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kipande chako, tukakuta namba mbili hazijui. Zikaripotiwa, zikafungwa, deni likachukua miezi kuondoka na mkwe nasikia mpaka leo anamuangalia kwa jicho la pembeni. Je, namba yake ilitoka kwangu? Ama kwa wakala aliyemsajili laini? Ama kile kitabu cha wageni pale kwa geti la hospitali, ambacho kila mtu anaandika jina, namba ya kipande na namba ya simu na anayekuja nyuma yako anasoma zote? Sijui, na hakuna atakayejua, na hapo ndo tatizo lenyewe lilipo. Namba ni moja, imeandikwa mahali mia.

Halafu msidhani ni sisi wadogo tu. Juni 2021 msajili wa vyama vya siasa alifungua huduma kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uangalie kama uko chama gani, Wakenya kibao wakajikuta ni wanachama wa vyama hawajawahi hata kuvisikia. Nilikuwa na foleni siku hizo, watu wanakuja kujitoa. Nikajiangalia mimi pia, nikakuta niko chama, tena kile ambacho ningekuwa wa mwisho duniani kujiunga nacho. Mtu alikaa mahali na orodha ya majina na namba za vipande akajaza. Sasa wewe mjomba usiye na la kuficha, ulijiangalia?

Ndo maana zile kesi za Huduma Namba, ule mpango wa namba moja ya kitaifa uliotangulia Maisha, hazikuwa za watu wakorofi vile wengine wanavyoandika hapa. 2019 serikali ilipita na tableti mitaa yote, wakataka alama za vidole, picha, mpaka unalima nini. Sheria yenyewe ilipitishwa 2018 ndani ya yale marekebisho madogo madogo, na ilikuwa inaruhusu kuchukuliwa DNA na mahali nyumba yako ilipo kwa GPS. Watu wa Nubian Rights Forum, shirika la haki za Wanubi wa Kenya, wakaenda kortini pamoja na watetezi wa haki, na tarehe 30 Januari 2020 majaji watatu wakasema DNA na GPS hapana, na mfumo usiendelee mpaka kuwe na kanuni za kutosha za kulinda data. Sheria ya kulinda data ilikuwa ishatiwa saini Novemba 2019, yaani tableti zilipita kwanza, sheria ikaja nyuma inahema. Halafu Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akabatilisha utoaji wa kadi kwa sababu hakuna aliyefanya tathmini ya madhara kwa data za watu kabla ya kuanza. Zaidi ya shilingi bilioni 10 zilitajwa kwenda huko. Mie nilipanga foleni nikatoa vidole vyote kumi, kadi sijawahi kuiona.

Hii Maisha nayo imeshapigwa breki na korti na kuachiliwa zaidi ya mara moja tangu mwisho wa 2023. Namba mtoto anapewa tangu cheti cha kuzaliwa na anakufa nayo. Kwa urahisi wa kazi ni wazo zuri, nakubali kabisa, nimeona wazee wakizungushwa miaka kwa sababu cheti kinasema Mohamed na kipande kinasema Muhamad. Lakini namba ya kuzaliwa mpaka kufa ikishavuja haibadilishwi kama paswadi. Vidole navyo hubadilishi.

Kuna aliyeandika hapo juu eti wanaopinga wametumwa na wazungu. Ndugu yangu, hata hili neno kipande tunalotumia ulijua limetoka wapi? Mkoloni alitunga sheria 1915, baada ya vita vya kwanza ikaanza kukaza, mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu anavaa karatasi yake ndani ya kijikebe cha chuma shingoni, alama za vidole zimo, mwajiri anaandika humo kama umeacha kazi kwa ruhusa. Harry Thuku na wenzake walipiga kelele juu ya hicho kipande. Kwa hiyo kushuku kitambulisho ni mambo ya babu zetu, hatukuambiwa na mzungu.

Upande wa pili na mimi nauona, manake naishi Pwani. Kisauni ukiwa na jina la Kiislamu kipande kilikuwa vita, mara lete cheti cha babu, mara kaa mbele ya wazee uulizwe ukoo wako. Wenzetu Wapemba wa Kwale na Kilifi wamezaliwa hapa na kuvua hapa na ni 2023 ndo wakatambuliwa kuwa Wakenya. Mvuvi mmoja aliwahi kukaa kwenye benchi ya saiba yangu saa nzima, nikamwambia mzee bila namba ya kipande huu mtandao haufunguki, akaniuliza sasa mwanangu nijaze namba ya mashua? Ukimwambia mtu kama huyo habari ya faragha atakuona una shibe. Rais alitangaza mwanzoni mwa 2025 ile vetingi ya ziada, huko kuhojiwa na wazee, imekwisha, nasubiri kuona kwa ground.

Kwa hivyo dada, mamako achukue kadi halafu muwe wakali kwenye nakala. Akiombwa kopi, achore mistari miwili juu ya kopi na aandike hapo ni ya nini na tarehe, mahali pasipofunika picha. Akienda saiba akae hapo hapo mpaka afutiwe skani mbele ya macho yake, na pipa la takataka la kompyuta limwagwe pia, wengi tunasahau hilo. Paswadi aandike mwenyewe, hata kama ni polepole, kijana atavumilia. *106# kila baada ya miezi miwili mitatu. Na mtu akitumia data zake vibaya malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Data, sheria inawapa siku 90 kumaliza, na wameshatoza faini kweli, 2023 kuna shule ilipigwa milioni 4 na ushee kwa kuweka picha za watoto bila ruhusa ya wazazi.

Aliyeniuliza inboksi kama nilifuta zile picha nilipofunga: daftari nililichoma. Mashine niliziuza bila diski, diski nne ziko nyumbani juu ya kabati ndani ya mkebe wa biskuti, kila mwezi nasema nitazivunja na nyundo halafu naona ni hasara, ndani kuna picha za harusi yangu pia.