Jibu: Je, Walutheri na Wakalvini wanamkiri Kristo yuleyule?

Bwana Yesu asifiwe, ndugu. Umekwama hapa: Mlutheri husema mwili wa Kristo upo kweli katika Meza ya Bwana, Mkalvini, yaani mfuasi wa mafundisho ya mwanamatengenezo Yohana Kalvini, husema mwili huo uko mbinguni, je, wanamkiri Kristo mmoja? Ndiyo. Nami nilikwama papo hapo nilipoanza kufundisha kipaimara.

Anza na ukiri wa mtaguso wa kanisa uliofanyika Kalkedonia mwaka 451, yaani nafsi moja katika asili mbili zisizochanganyika wala kutenganishwa, kwa kuwa pande zote mbili zinaukubali. Mlutheri huendelea kusema kwamba ubinadamu wa Kristo hushiriki utukufu wa uungu wake, hata mwili wake uweze kuwapo apendapo. Mkalvini huhofia kwamba mwili wa namna hiyo haufanani tena na wetu, na hofu hiyo naiheshimu, ingawa mimi ni Mlutheri.

Huko Marburg, Ujerumani, mwaka 1529, katika mjadala kuhusu Meza ya Bwana, Luther aliandika mezani kwa chaki, kwa Kilatini, “Huu ndio mwili wangu”, akayafunika maneno hayo kwa kitambaa, kisha akakifunua alipodaiwa ushahidi wa Maandiko. Hata hivyo yeye na mpinzani wake Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, walikubaliana hoja 14 kati ya 15, zikiwamo za Utatu na za Mwana kufanyika mtu.

Soma kwanza Wakolosai 2:9 sambamba na Matendo 3:21. Hapo ndipo kila upande huegemea.