Jibu: Kwa nini nyimbo zako zote zinafanana

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba tangu uanze kutengeneza muziki kwa kompyuta, kila wimbo unatoka na mwendo uleule, nawe unahofu kwamba kipaji kimekauka. Nilipitia hali hiyo, na nadhani chanzo ni programu zaidi kuliko wewe: nyingi hufunguka zikiwa zimepangwa mapigo 120 kwa dakika na mdundo wa nne kwa nne (mapigo manne katika kila mzunguko), kisha gridi, yaani mistari ya programu inayogawa muda kwa vipande sawa, ikiwa imewashwa huvuta kila noti ikae mahali pake hasa, hata ile uliyoichelewesha kidogo kwa makusudi.

Anza kwa kuimba wazo lako na kulirekodi kwenye simu kabla ya kugusa kompyuta, ndipo utafute mwendo unaolingana na ulichoimba. Unaporekodi ngoma, zima gridi. Ukilazimika kunyoosha noti zifuate gridi, zinyooshe nusu tu.

Hata hivyo, usiikimbie zana yenyewe. Roland TB-303, mashine ya kielektroniki ya muziki iliyotoka mwaka 1981 ili iige gitaa la besi, haikufanya vizuri sokoni, lakini vijana wa Chicago walipoipata kwa bei nafuu na kuzungusha vitufe vyake kupita kiasi, ikazaliwa acid house, mtindo wa muziki wa kielektroniki wa kucheza dansi. Kwa hiyo nawe ichokoze programu yako.

Ukitumia vipande vya nyimbo za watu wengine na unakusudia kuuza kazi hiyo, muone kwanza mwanasheria wa hakimiliki. Na masikio yakivuma baada ya kazi (mimi nililipuuza hili muda mrefu), punguza sauti. Yasipotulia, muone daktari.